Viazi Machoni pa Kanana

Wiki jana, huko Siakago, nilimwona msichana ameketi nje ya kibanda cha kuchomelea vyuma, amefunika macho kwa vipande vya kiazi kibichi. Harufu ya chuma moto ikanirudisha kwetu Kibirichia.

Dada yangu Kanana alikuwa amemaliza kidato cha nne. Baba alitaka awe mwalimu. Yeye akaenda kujifunza kuchomelea. Siku ya kwanza alirudi machozi yakimtiririka, akajilaza juu ya magunia, na Mama akamwekea viazi machoni.

"Unaona? Ashajuta," Baba akasema, nusura acheke.

Nilimwamini. Nilidhani viazi ni dawa ya kilio, nikakimbia kuleta fomu ya chuo cha ualimu iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya Biblia. Kanana akaipokea kwa kupapasa, akafutia nayo maji ya viazi shingoni.

"Baba, mimi silii. Macho yamechomwa na ule mwanga, sikuwa na miwani. Kesho nitavaa."

Kesho yake akavaa. Geti la kwetu alilichomelea yeye. Baba hajalisifu hata siku moja, lakini kila jioni hulifunga kwa mikono miwili, nalo halijawahi kulegea.