Seli Zilizokufa Kabla ya Kujibu

Lava ya volkano ilikuwa imeharibu mabomba ya mji, na hata miaka ilipopita, maji ya nyumbani kwetu Majengo yalibaki ya kubebwa kwa bidoni. Zamani mama aliosha maharagi mara tatu na kumwaga maji ya kwanza ya kuchemshia. Sasa aliyasuuza mara moja tu. Vita navyo vilikuwa vimefunga barabara ya Kalengera iliyoleta maharagi mapya, kwa hiyo wachuuzi waliyaweka maharagi muda mrefu na kuyazidishia ule unga mweupe wa kuua wadudu.

Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa na mimba. Aliniuliza kama unga ule unaweza kudhuru akili ya mtoto.

Nilifanya kazi katika maabara ndogo ya chuo. Tulikuza seli za neva kwenye visahani, tukazitia kemikali, kisha tukapima kama bado zinachipua matawi, yale ambayo ubongo unaojengeka unayahitaji ili sehemu zake ziungane.

Mama hakungoja kipimo. "Asikule tena," alisema.

Nikacheka. "Mama, uthibitisho uko wapi? Tungoje wiki mbili tu. Seli zitatuambia."

"Haya, dokta," yaya akasema huku akijipakulia maharagi. "Mutoto wangu angoje seli zako."

Siku ya tisa tangu tuzitie seli unga ule, waasi waliingia mjini na umeme ukakatika. Niliporudi maabara, kabati la umeme la kutunzia seli kwenye joto lilikuwa baridi kama ukuta. Seli tulizotia unga zilikuwa zimekufa. Zile ambazo hatukuzitia chochote, za kulinganishia, zilikuwa zimekufa vilevile. Nilivitazama visahani vyote kwa hadubini, kimoja kimoja, nikijua havina la kuniambia.

Mtoto sasa anatembea. Ukimwita hageuki, na hajasema neno hata moja. Labda ni unga. Labda ni homa aliyougua yaya, au mabomu, au angezaliwa hivyo tu. Sijui, na sioni njia ya kujua.

Juzi nilimkuta yaya akikoroga sufuria ya maharagi. Ana mimba nyingine.

"Dokta, nikule ao nisikule?"

"Usikule, yaya."

"Seli zimesema?"

"Hapana."

Alinitazama. "Basi hata ule wakati ungeweza kusema hivyo."

Akaendelea kukoroga. Hapakuwa na chakula kingine nyumbani. Nikachukua bidoni, nikaenda kutafuta maji ili angalau tumwage yale ya kwanza ya kuchemshia. Bomba la mtaa tunakochota lilikuwa kavu.