Mrithi Asiyeogopwa

Mlinzi wa maonyesho hutazama watu, hatazami picha. Umaru aliivunja kanuni hiyo tangu wiki ya kwanza. Ghala moja la Al Quoz, huko Dubai, lililokuwa la vigae, lilikuwa limegeuzwa ukumbi, na kutani walitundikwa wana wa wafalme wa Kijerumani wa karne ya kumi na tisa, wale waliotolewa katika majumba madogo ya kwao wakaenda kuoa au kutawala nchi za watu. Aliwapa mgongo kama alivyofundishwa, kisha shingo ikageuka yenyewe.

Aliyemvuta alikuwa kijana mmoja karibu na mlango wa dharura, Otto wa Bavaria, aliyefanywa mfalme wa Ugiriki, mwenye mashavu laini na upanga uliomzidi umri.

"Buda, huyo mtoto atakumaliza macho," Serah alimwambia. Serah, Mkenya wa Nyahururu, ndiye aliyewatembeza wageni na kuwaeleza picha.

"Alikuwa hodari sana, mpaka wakampa Ugiriki?"

"Hodari wapi! Waingereza, Wafaransa na Warusi walikuwa wanachungana. Hakuna aliyetaka mwenzake aweke mtu wake. Ndio wakatafuta kijana wa mbali, hana watu huko. Wakampeleka na wazee watatu wa kutawala kwa jina lake. Alichaguliwa juu hakuna mtu alikuwa anamwogopa."

Umaru alicheka, lakini kicheko kilichelewa. Tangu hapo viatu vilimbana, na kola, na ukumbi wenyewe.

Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliopita, karibu na Masaka, Uganda, akaacha nyumba tatu za wake watatu, na shamba. Siku ya kumaliza msiba ilikuwa inakaribia, siku ambayo mrithi huvishwa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, akakabidhiwa mkuki, na tangu hapo watoto wa marehemu humhesabu kuwa ndiye baba yao. Lukman wa nyumba ya kwanza na Nasifu wa nyumba ya pili walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mkuki huo. Umaru alikuwa mtoto pekee wa mke wa tatu. Baba mdogo alipompigia simu kumwambia kwamba wazee wamemteua yeye, alilia kwenye korido ya fleti aliyochangia na walinzi wenzake kule Al Muraqqabat, uso ndani ya sare zilizoanikwa. Aliamini kuna kitu baba alikiona kwake.

Sasa hakuwa na hakika. Wakati wa chakula alitoka nyuma ya ghala, akasimama kando ya basi la kampuni, akapiga simu.

"Baba mdogo, kwa nini mimi?"

"Una moyo mzuri, mwanangu."

"Na shamba je?"

"Shamba lisikusumbue. Utakuja, tutakuvisha, watu watapiga picha, utarudi kazini kwako. Mambo tutayaangalia sisi. Tunahitaji jina lako tu."

Jioni hakuweza kuketi ndani ya basi. Alisimama njia nzima, ameshika chuma, wenzake wakimtania kwamba analinda hata viti.

Kesho yake akamuuliza Serah, "Yule kijana aliishia wapi?"

"Walimfukuza, karibu miaka thelathini baadaye. Akarudi kwao Ujerumani, na huko alikuwa bado anavaa nguo za Kigiriki mpaka akafa."

"Kumbe aliwapenda."

"Aliwapenda, ndiyo. Lakini yeye na wao, nani alikuwa amewauliza kama wanatakana?"

Ijumaa Umaru aliwaunganisha kaka zake wawili kwenye simu moja. Nyuma yake mtu alikuwa akikaanga vitunguu.

"Lukman, Nasifu. Nyinyi mnanitaka?"

Nasifu alicheka. "Mdogo wangu, tukutakie nini? Mimi simtaki huyu, huyu hanitaki. Wewe huna kelele."

"Huna watu," Lukman aliongeza, bila ubaya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wawili hao kukubaliana.

"Basi sikilizeni. Nikivishwa, sirudi Dubai. Nitalala nyumba ya baba. Funguo nitashika mimi, na upande wa shamba wenye makaburi hauuzwi."

Jogoo aliwika upande wa pili. Pikipiki ikapita.

"Hatukukubaliana hivyo," Lukman alisema.

"Mimi nilikubaliana na nani?"

"Wewe Umaru," alisema Nasifu, na kicheko kilikuwa kimekwisha, "umeanza kututisha."

Jumatatu alimfuata Rafiq, msimamizi wao.

"Likizo? Inshallah, mwezi ujao."

"Si likizo, Rafiq bhai. Futa viza. Khalas, basi."

Rafiq aliweka kalamu chini. "Huko nani anakungoja?"

"Kaka zangu wawili. Walikuwa hawasemezani. Tangu Ijumaa wanapigiana simu kila siku, mimi hawanipigii."

"Mashallah, hilo jambo jema."

"Sijui," alisema Umaru. Wageni walikuwa wakiingia. Akashika nafasi yake, akawatazama kama inavyotakiwa, na shingo ikageuka tena kuelekea yule kijana wa mlango wa dharura.