Mbwa Alipoingia Sebuleni

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku ambayo mbwa alikaribia kutuvunjia ujirani. Nakusimulia leo baada ya kumkuta huyo wako amejinyoosha kwenye kochi kama mwenyekiti wa harambee. Usiogope, sikukasirika. Nilicheka tu.

Zamani, kwetu Ainabkoi, mbwa hakujua sebule ni nini. Alilala nje karibu na zizi, akalinda kondoo, akala ukoko wa ugali, basi. Aliyemwingiza nyumbani ni mji. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu, alipohamishiwa Eldoret, tulikuja na mbwa wetu Askari, lakini zizi lilibaki. Baridi ya Julai ilipozidi nikamtandikia gunia kando ya jiko. Hatukukaa sana, akawa amehamia sebuleni, na hakuna aliyeuliza.

Jirani yetu alikuwa Mama Halima, Msomali mwenye duka la nguo. Kila alasiri alikuja kunywa chai na mama yangu, na walipendana kweli. Siku hiyo alipiga hodi, akaketi, na kabla hajamaliza kikombe Askari akamlamba mkono na upindo wa buibui. Mama Halima akainuka, akaaga haraka, akaenda. Kesho yake hakuja. Wiki nzima hakuja. Mama alipika chai akaiangalia ikipoa.

Baba akakata shauri: mbwa apelekwe Soy kwa mjomba. Nililia, mwanangu, tena bila aibu. Ndipo Kogo, nyanya yetu mzaa baba, akaweka chini kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando.

"Mnahukumu umbwa, mnahukumu jirani, na hakuna mmoja mmeuliza," akasema. "Umbwa haifungui mlango. Nani alifungua?"

Kuuliza si ujinga, akatuambia, kisha akamshika mama mkono wakaelekea dukani. Nami nikafuata nyuma.

Mama Halima aliposikia habari ya Soy alishika kichwa. "Mnafukuza umbwa juu yangu? Wallahi hapana! Kwetu kaskazini tuko na umbwa za kuchunga mbuzi. Ni ile mate tu. Ikinigusa lazima nioshe kabla niswali. Niliona aibu kuwaambia mtoe umbwa kwa nyumba yenu."

"Na sisi tuliona aibu kukuuliza," mama akajibu. Wakacheka mpaka wateja wakageuka.

Tangu hapo, hodi yake ikisikika Askari alipelekwa nyuma, na kiti kikapanguswa. Mwisho akajifunza kutoka mwenyewe. Alipokufa kwa uzee, wa kwanza kuja kunipa pole alikuwa Mama Halima. Alikaa nami mpaka nikanyamaza.

Basi, mwanangu, mpende mbwa wako. Mpandishe kochini ukitaka. Nyumba ni yako, na mambo hubadilika. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mjue anayebisha: dini yake, hofu yake, hata nguo aliyovaa kwenda kanisani. Muulize angali mlangoni, usingoje aondoke ndipo uanze kukisia. Na ukimkosea, usimtwishe mnyama lawama yako.

Mungu akupe majirani wanaokwambia ukweli, na akupe miguu myepesi ya kuwafuata wanaponyamaza.