Baba Mkwe Mgongoni

Kwa miaka sita Sekela aliishi hatua ishirini tu kutoka kwa baba mkwe wake, na hakuwahi kumwona uso. Usimcheke. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule desturi hiyo iliitwa ukutila: mkaza mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, halitaji jina lake, na akimsikia njiani hujitosa vichakani mpaka mzee apite. Wakristo wengi wa pale mlimani, juu ya Uyole, walikuwa wameanza kuilegeza. Walikaa kanisa moja, wakaimba wimbo mmoja, wakaona mbingu hazianguki. Lakini Mzee Fanueli, ambaye naye alibatizwa, alisema Yesu alimsamehe dhambi, hakumsamehe desturi.

Kwa hiyo alichokijua Sekela ni sauti. Ilikuwa sauti nene, yenye mkwaruzo, isiyochoka. Uji ulikuwa mzito. Kesho yake ulikuwa maji matupu. Kuni zilikuwa mbichi, mjukuu alicheka kupita kiasi, jogoo aliwika kabla ya saa yake, na hilo nalo likawa kosa la Sekela. Malalamiko yote yaliletwa jikoni na Tusajigwe, binti yake wa miaka minne, aliyeyasema neno kwa neno, mikono kiunoni. Kutokana na sauti ile Sekela alijichorea mtu wake kichwani: pande la mtu, kifua kipana, ngumi nzito. Usiku mwingine alimwota.

Na mzee alikwisha toa hukumu yake mapema, mbele ya watu. "Siku mwanamke yule atakaponiona, siku hiyohiyo arudi kwao. Mtoto abaki." Hakuwa mtu wa mzaha. Mke wa Kalinga, jirani wa bondeni, alikutana na mkwewe anaoga mtoni, akarudishwa kwao mpaka ndugu zake walipoleta ng'ombe wa kusafisha jambo. Sekela baba yake alikwisha fariki, na kaka zake hawakuwa na hata mbuzi wa kusingizia. Angerudi kwao, angerudi moja kwa moja, na Tusajigwe angelelewa na shangazi.

Mwaka ule wa 1956 ugomvi mkubwa ulikuwa bati. Mumewe Eliezeri, utingo wa lori la mizigo lililokwenda Iringa na kurudi, alijenga nyumba ya tofali akaiezeka mabati, ya kwanza kilimani pale. Watu walikuja kuitazama baada ya ibada. Mzee alikaa upande wa chini, katika nyumba yake ya zamani ya mianzi iliyokandikwa udongo, paa la nyasi. Kuhamia kwa mwanawe hakukubali: ndani kulikuwa na mkaza mwana, na bati lenyewe hakulipenda. "Nyasi hunywa mvua," alimwambia Eliezeri. "Bati huitapika. Na litaitapika kwangu." Eliezeri akasema ndiyo baba, nitachimba mfereji nikirudi safari. Akarudi, akalala, akaenda tena. Mgala muue na haki yake mpe: mzee alikuwa mkorofi, lakini hapo alisema kweli, na hakuna aliyemsikia kwa kuwa alilalamikia kila kitu.

Kutembea pia hakuweza. Miguu ilimvimba tangu mwaka uliotangulia. Kila asubuhi kijana mmoja jirani, Andendekisye, alikuja kumbeba na kumtoa nje aote jua, na Sekela alijifungia jikoni mpaka shughuli iishe. Kilima kizima kilijua miguu ya mzee imekwisha, ila hakuna aliyethubutu kulisema. Mwenyewe alisema anaipumzisha.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa Aprili. Shangazi Lusia, dada yake mzee, alimchukua Tusajigwe asubuhi kwenda naye sokoni Uyole. Eliezeri alikuwa njiani. Lori lao lilikuwa limekwama siku mbili kwenye matope ya Nyololo, likanasuka alfajiri ile. Andendekisye alivuka mto kwenda kwa wakwe zake. Baada ya saa saba mvua ikaanza, na haikuwa mvua ya kuombea. Ilikuwa imedhamiria.

Sekela alikuwa jikoni, kibanda kilicho kando ya nyumba kubwa, akichambua maharage. Kwanza alifurahia mlio wa bati. Halafu alitoka kutega ndoo, akaona maji. Yalikuwa yanaporomoka kutoka upande mzima wa paa, yakipiga uwanja, yakakusanyika, yakachimba njia yao wenyewe na kushuka mbio kwenye mteremko. Njia ile ilikwenda moja kwa moja kwenye kiambaza cha nyumba ya mzee. Udongo wa chini ulikuwa umekwisha lainika, umeanza kumomonyoka, na fito za mianzi zilikuwa zimetoka nje. Ndoo ikamponyoka.

Akachukua jembe, akajaribu kuyageuza maji. Alichimba bila kupumzika. Maji yakajaza alipochimba, yakapita. Akasimama mvuani, kinywa wazi. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu asiyeweza kuinuka, naye Sekela hakuruhusiwa hata kumwita.

Mtoto wa kutumwa hakuwapo. Wala mtu mzima. Chini ya upenu wa nyumba ya mzee alikuwapo kuku mmoja mweupe, amejikunyata, manyoya yamelowa. Sekela akampa mgongo mlango wa mzee, akamwelekea kuku.

"We kuku!" akapaza sauti. "Ukuta unaloa! Ukuta wa upande wa juu unaanguka! Toka hapo!"

Kisha ile sauti, kutoka ndani:

"Kuku! Mwambie aliyekutuma nyumba hii niliijenga kabla hajazaliwa. Na nilisema juu ya bati. Sikusema?"

"Kuku, ulisema," Sekela akalia. "Ulisema kweli. Lakini ukuta unaanguka sasa hivi. Toka!"

"Mwambie asinipigie kelele."

"Kuku, mimi simpigii mtu kelele! Maji yameingia ndani?"

Kipande cha udongo, ukubwa wa mkeka, kikabanduka ukutani na kuanguka majini. Sekela aliposikia tena, hakuitambua ile sauti. Ilikuwa imepungua.

"Kuku. Mwambie yamefika kitandani." Kikaja kikohozi. "Mwambie siwezi. Miguu haipo."

Sekela alipigwa na butwaa. Katika miaka sita alikuwa hajapata kumsikia akikiri kwamba kuna jambo linalomshinda. Na hapo ndipo hofu ilipomshika kwelikweli, kwa maana kama mzee huyu amesema hawezi, basi kifo kimo humo ndani.

Alimfikiria Tusajigwe. Niseme ukweli, alimfikiria kwa muda usiokuwa mfupi, mvua ikimpiga utosini, na hatumlaumu. Kisha akageuka, akainama chini ya upenu, akaingia kwa mzee kinyumenyume.

Kinyumenyume, ndiyo. Hakupata akili nyingine. Alipapasa kwa visigino, maji ya baridi yakimfika chini kidogo ya magoti, kibuyu kikielea na kumgonga, gunia la mahindi limekaa humo majini linavimba. Alipogusa ukingo wa kitanda kwa nyuma ya magoti, akachuchumaa na kuuacha mgongo wazi.

"Panda," alisema akiutazama mlango.

Hakupanda. Sekela alisikia pumzi tu, na mvua, na mianzi inalia.

"Unajua nilisema nini," ile sauti ikasema, karibu na sikio lake.

"Najua. Panda."

Mikono miwili ikamshika mabegani. Sekela alijiandaa kwa uzito wa lile pande la mtu, akakaza meno, akainuka kwa nguvu zote, na nusura aanguke kifudifudi. Hakukuwa na uzito. Alikuwa amebeba mifupa na koti lililolowa. Hata gunia lile la mahindi lingemshinda mzee huyu kwa uzito. Sauti yote ile ilikuwa inatoka wapi?

"Fumba macho," mzee akaamuru.

"Nikifumba nitaanguka."

"Basi fumba moja."

Alikuwa hatua mbili kutoka mlangoni ukuta ulipokatika nyuma yao. Mshindo ule ulimgeuza Sekela kichwa kabla hajafikiri, na mzee naye alikuwa amegeuza chake. Wakatazamana, pua kwa pua. Sekela aliona paji la uso, nyusi zilizokutana, mdomo uliobetuka kidogo upande. Ulikuwa uso wa Tusajigwe. Mtoto wake mwenyewe, amezeeka, ameogopa, machozi yanamtoka.

Sekela alimvusha uwanjani, akamwingiza chini ya bati alilolitukana kila siku, akamketisha kwenye kiti cha Eliezeri, akamrushia blanketi huku amegeuka. Mzee hakusema asante. Alisema, "Nenda. Watakuja." Sekela akaenda jikoni, akafunga nguo zake mbili na kitabu cha nyimbo katika kanga, akakaa akiingojea hukumu yake.

Walifika jua halijatua, Eliezeri na Shangazi Lusia pamoja; walikutana Uyole, mtoto wakamwacha kwa jamaa hukohuko kwa ajili ya mvua. Sekela alisikia kilio cha shangazi alipoiona nyumba imelala, kisha kelele za mumewe akichimbua udongo kwa mikono na kuita baba, baba.

"Niko huku, acheni upuuzi!" mzee akanguruma kutoka chini ya bati.

Wakaingia mbio. Kiambaza cha jiko na ukuta wa nyumba kubwa vilikuwa karibu, Sekela akasikia yote.

"Baba! Nani kakutoa?"

Sekela akakumbatia fundo lake la nguo.

"Nani wa kunitoa?" mzee akasema. "Nimetoka mwenyewe."

Sekela alidhani amesikia vibaya. Mzee huyu, aliyeweza kumshitaki kwa jogoo, alikuwa ameshika kosa lake kubwa kuliko yote, na alikuwa analimeza.

"Bwana asifiwe!" akasema Eliezeri, analia. Lakini Shangazi Lusia hakuwa mtu wa kuambiwa kitu mara moja akaondoka nacho. Alikuja mlangoni mwa jiko, akamzungusha Sekela kwa bega.

"Gwe Sekela! Mgongo huu una tope la nini?"

"Shikamoo, shangazi. Nilianguka nikichimba."

"Ulianguka chali, ukichimba?" Shangazi aliutazama mgongo, akalitazama fundo la nguo, akaondoka bila kuitikia salamu. Sekela alimsikia akirudi ndani, sauti yake imekuwa ya baraza.

"Kaka, mimi na wewe tumenyonya titi moja. Miguu yako naijua. Kama kuna mtu amekuona leo, ni jambo la ukoo, lisemwe sasa."

"Hakuna aliyeniona."

"Basi kama ulitoka mwenyewe kule, kutoka hapa mpaka mlangoni si kitu. Inuka tuone."

"Shangazi, muache," Eliezeri akasema. "Ni mgonjwa."

"Mgonjwa nani?" mzee akafoka. "Nipe fimbo."

Sekela alitaka kupiga kelele, akaiziba midomo kwa mikono yote miwili. Alisikia kiti kikilia. Alisikia pumzi za mtu anayenyanyua kitu kisichonyanyulika. Kisha fimbo ikagonga sakafu. Ikakaa. Ikagonga tena, na nyuma yake unyayo ukiburutwa. Ukaidi uleule uliomtoa machozi Sekela miaka sita ulikuwa sasa umesimama kwa miguu miwili iliyokufa, unatembea. Mara ya tatu. Mara ya nne. Mara ya tano fimbo iligonga kizingiti, na mara ya sita haikugonga kitu, kwa kuwa nje ya mlango ule kulikuwa na utelezi mtupu.

Alianguka mzimamzima. Sekela alisikia nyonga ikivunjika. Kwa maisha yake yote alisema aliisikia. Shangazi akapiga yowe, safari hii la kweli, yowe la dada, na katika yowe lile hakukuwa na swali tena. Eliezeri alikuwa anasema baba samahani, baba samahani.

Sekela alikwisha inuka, mguu mmoja nje ya mlango wa jiko, mikono imenyooshwa. Hatua kumi, si zaidi, na alijua uzito wake.

"Asije!" ile sauti ikapaa kutoka topeni, nene, kali, kama siku zote. "Mwanamke yule asije! Hajapata kuniona, na hataniona leo!"

Sekela akaurudisha mguu ndani. Akafunga mlango, akakaa chini.