Kamera ya Kumtafuta Aminieli

Kama ni kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, mjini Moshi, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone la mbege.

Mdogo wangu Aminieli alizama Ziwa Chala. Wapiga mbizi walitafuta mpaka wakachoka. Kwetu Wachagga mtu huzikwa kihambani, kwenye migomba ya baba zake. Mwili usipopatikana, unazikwa mgomba badala yake na msiba unaisha. Baba mkubwa aliutaka huo mgomba upesi. Unajua kwa nini? Ng'ombe wake walikuwa wameshaanza kulishwa kwenye sehemu ya marehemu. Mama akagoma: "Siziki mgomba mimi. Nionyesheni mwanangu kwanza."

Mimi napiga video za harusi. Nikasema basi, nitanunua kamera ya kuzamishwa, niishushe kwa kamba, mama aone.

Mwenye duka, bibi wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Moshi, alinitolea mbili. Moja ndogo, ile ya kubandika kwenye helmeti ya pikipiki. Nyingine ya HD, lenzi pana, na boksi lake la alumini la kuzuia maji. Nikaiwasha ile kubwa, nikainamia kioo chake kupima rangi. Ndipo sauti ikasema nyuma ya bega langu:

"Hiyo ndogo achana nayo, braza. Kule chini ni giza, haitaona kitu. Chukua hiyo kubwa. Na boksi lake, upake grisi kwenye mpira wa mlango. Unywele mmoja tu ukibanwa pale, maji yanaingia."

"Umeshapiga chini ya maji?" nikauliza, macho yangu kwenye kioo.

"Niko huko sana. Ila kwanza shusha boksi tupu, weka tishu ndani. Likirudi kavu, ndiyo uweke kamera."

Nikamshukuru. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshatoka. Sakafuni palikuwa na maji, na nje vumbi tupu, mvua tumeisahau. Nikalipa, nikaenda zangu.

Tulikwenda ziwani mimi na mama. Nikapaka grisi, nikaweka tishu, nikafunga boksi, nikalifungia jiwe lizame, nikashusha mpaka kamba ikaisha. Nikalivuta. Tishu kavu kabisa. Na juu yake, amini usiamini, jani la isale, bichi, limepigwa fundo.

Kama wewe si wa huku, isale ni jani la kuomba radhi. Ukiletewa na fundo lake, huwezi kukataa. Hata damu iliyomwagika husamehewa. Sasa niambie, boksi nilifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Nani aliliweka humo?

Mama hakuuliza. Alilishika jani kwa mikono miwili, akalia. "Nilimkataza kuogelea huku. Ananiomba radhi. Nimekusamehe mwanangu, pumzika." Kisha akanigeukia: "Kamera isiingie humo."

Tukazika mgomba. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika koleo, na leo ng'ombe wake wanakula migomba ya Aminieli. Mama amemsamehe na huyo pia. Mimi sijamsamehe, na sioni aibu kusema.

Nilipeleka kamera dukani kuirudisha. Yule bibi akashangaa. "Shikamoo yako marahaba, lakini kwa nini unairudisha? Mdogo wako si alikuchagulia vizuri? Mwambie siku nyingine ajikaushe kabla ya kuingia dukani kwangu."

"Mdogo wangu yupi?"

"Kwani unao wangapi? Yule mwenye pengo. Mnafanana kabisa."

Mdogo wangu alikuwa mmoja tu, na pengo alikuwa nalo.

Kamera nikaondoka nayo. Ninayo mpaka leo, haijagusa maji, na harusi nazipiga na ile ya zamani. Usiku nikilala nasikia "braza", naamka nageuka, naona ukuta tu, hakuna mtu.

Basi wewe, mtu akikusemesha, toa macho kwenye kioo umtazame. Nilikuwa nanunua jicho la kumtafutia ndugu yangu, naye amesimama nyuma ya bega langu, ananisubiri nigeuke. Sikugeuka.