Siku Babu Aliposhindwa Gofu

Wasomaji, kwanza mnivumilie. Mwandiko wangu unalala upande kama ua wa mabati baada ya mvua, na tahajia yangu ni ya darasa la nane, nilipoachia. Naandika polepole. Karatasi hii ni ya tatu, kwa sababu kila nikifika mahali patamu mkono unataka kukimbia na herufi zinagongana.

Ni harufu iliyonianzisha. Ninauza vipuri katika kibanda kilicho kando ya gereji, na juzi fundi alimwaga oili chafu chini, akaifunika kwa mchanga. Basi. Harufu ile ya oili na mchanga uliopigwa na jua ilinishika puani, nikawa na miaka kumi tena, niko kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba zetu, ng'ambo ya barabara kutoka mtaa wa Donholm, Nairobi. Nimeshika fimbo ya gofu inayonifika kifuani.

Naam, gofu. Katika mtaa wetu.

Babu yangu, Mzee Kilonzo, alifanya kazi miaka mingi katika klabu ya gofu kule Ukambani. Sehemu ile ni kavu, nyasi hazikubali, kwa hiyo kuzunguka kila shimo walitandaza mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe. Mahali hapo walipaita brauni. Kazi ya Babu ilikuwa kuburuta gunia juu ya brauni mpaka mchanga ulale kama kitanda kilichotandikwa. Alipostaafu alipewa fimbo mbili kuukuu na mipira minne, akaja kukaa nasi Nairobi. Hazikuisha wiki mbili, alikuwa ameshatengeneza brauni yake mwisho wa uwanja, na shimo lake lilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Mama alisema jua la Ukambani limemwingia mzee kichwani.

Mimi nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Lakini nilikuwa na jina la marehemu nyanya yangu, Mwende, kwa hiyo Babu aliniita bibi yake, na mke hawezi kumwogopa mumewe. Akanifundisha. Akanionyesha kusoma upepo kwa moshi wa jalala la Dandora: ukiegemea huku, mpira nao utaegemea huku. Na akanifundisha gunia. Kabla ya kuusukuma mpira kwenye brauni unaruhusiwa kuburuta gunia mbele yako na kufuta nyayo. Ukimaliza unaburuta tena, kwa ajili ya anayekuja. Babu hakulisahau gunia hata siku moja. Alisema nchi hii ingekuwa nzuri kama kila mkubwa angepewa gunia lake.

Maneno kama hayo yalikuwa ya Jumamosi. Jumamosi, Babu akishapiga mpira wake wa asubuhi, alikuja jirani yetu Mzee Wafula na gazeti. Mzee Wafula alistaafu kutoka kiwanda cha nguo, na kelele za mashine zilikuwa zimemwachia masikio mabovu. Babu naye macho yalikuwa yamechoka. Kwa hiyo mmoja alisoma kwa sauti ya kuamsha mtaa, mwingine alisikiliza, kisha wote wawili wakabishana: bei ya unga, maziwa yaliyopotea madukani, mvua, mawaziri. Mimi niliketi kati yao nikila njugu za Mzee Wafula. Sikujua kwamba ile ndiyo raha.

Kisha ukaja mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi. Watu walisalimiana kwa vidole, wengine wakinyoosha kimoja, wengine viwili, kila mtu na chama chake. Babu alikuwa wa kidole kimoja. Mzee Wafula alikuwa wa viwili. Jumamosi moja utani ukageuka.

"Wewe Kilonzo umewaburutia wakubwa gunia mpaka mgongo wako unajua kuinama tu," Mzee Wafula alisema.

"Na wewe kiwanda kilikula masikio, sasa kimemalizia na akili," Babu akajibu.

Mzee Wafula alikunja gazeti, akakunja tena, akaenda zake. Babu akasimama mlangoni na kuapa, majirani wote wakisikia: "Mguu wangu hautavuka mlango wa huyo mtu! Siku nitakayoshindwa gofu katika uwanja huu, ndiyo siku nitakayobisha kwake."

Watu walicheka, maana ilikuwa sawa na kusema kamwe. Nani mwingine alicheza gofu mtaani?

Jumamosi zikawa ndefu. Babu alininunulia gazeti nimsomee, lakini sauti yangu ilikwama kila neno la tatu. Nyumba zetu zilishiriki ukuta mmoja, na upande wa pili tulimsikia Mzee Wafula akijisomea kwa nguvu zake zote. Babu alisogeza kigoda hadi ukutani, eti anapiga viatu rangi. Kiatu kimoja alikipiga rangi asubuhi nzima. Habari ikimchoma alifungua mdomo ajibu, akakumbuka, akaufunga.

Jumamosi ya tano sikuvumilia. Niliweka gazeti chini nikasema, na sijui sauti ile ilitoka wapi, "Babu, nitacheza na wewe. Nikikushinda, utaenda kwa Mzee Wafula."

"Bibi yangu," akasema, "unataka kuniaibisha mbele ya watu?"

"Ndiyo," nikasema.

Wiki nzima nilipiga mpira kila nikitoka shule mpaka viganja vikatoa malengelenge. Jumamosi ilipofika, mtaa mzima ulikuwa uwanjani. Sijui nani aliwaambia. Wavulana walipanda ukuta, akina mama waliacha nguo kwenye karai. Tulikubaliana raundi moja, kutoka kwenye mfereji tulikochota maji hadi kwenye mkebe. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Kwa kawaida Babu alimaliza kwa matatu au manne. Mimi sikuwahi kumaliza kwa chini ya sita.

Nilitangulia. Mpira uliondoka! Ulipita juu ya kuku, juu ya kamba za nguo, watoto wakapiga kelele, "Wee Mwende, usituangushe!" Pigo la pili likanipeleka mtaroni. La tatu lilinitoa na tope usoni. La nne likanifikisha kwenye brauni, hatua moja tu kutoka mkebe. Niliburuta gunia, nikashika pumzi, nikasukuma. Klang! Mapigo matano. Niliburuta tena gunia kote, kama nilivyofundishwa, nikamwachia Babu mchanga usio na alama hata ya mguu wa ndege.

Babu alipiga mara mbili tu, akawa kwenye brauni, hatua tatu kutoka shimo. Watu wakaguna. Nilihisi machozi yanakuja. Alikuwa na mapigo mawili, na hapo hajawahi kuhitaji zaidi ya mawili mengine.

Akaanza kuukagua mchanga. Alizunguka mkebe na viatu vyake vizito vya kazi, akachuchumaa huku, akasimama kule, kama fundi anayepima ukuta. Alitazama hata moshi wa Dandora, ingawa mpira ulikuwa chini. Kisha akasukuma. Mpira ulikwenda vizuri, ukayumba, ukasimama. Matatu. Akasukuma tena, ukapinda kando ya mkebe. Manne. Wavulana ukutani wakaanza kumwimbia mzee: "Buda ameshikwa! Buda ameshikwa!" Matano. La sita ndilo liliingia.

Sikumbuki nani aliniinua. Nakumbuka mbingu, na mikono, na mimi nisiyependa kutazamwa nikicheka kwa sauti. Babu alinipa fimbo zake, akavaa koti, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa Mzee Wafula, mtaa mzima nyuma yake.

Akabisha. Ndani Mzee Wafula alikuwa anasoma gazeti, hasikii. Akabisha tena. Hatimaye akaupiga mlango kwa ngumi. "Wafula! Nimeshindwa gofu!"

Mlango ukafunguka. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Bibi yangu amenishinda gofu."

Mzee Wafula alimtazama usoni, kisha akatazama viatu vilivyojaa mchanga wa oili. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema. "Vua hivyo, uingie. Wiki sita nasomea ukuta, Kilonzo, na ukuta haubishi."

Njugu siku ile nilikula mpaka tumbo likauma.

Babu alirudi Ukambani, na huko ndiko tulikomzika. Kwa miaka yote hii nimejivuna, kimyakimya, kwamba ni mimi niliyemshinda. Sasa sikieni ya juzi. Fundi yule alipita juu ya mchanga wake na viatu, akaangusha gololi ya chuma. Ilibingirika vizuri kabisa, ikafika kwenye alama ya kisigino, ikayumba, ikasimama. Nilisahau mteja aliyekuwa mbele yangu. Siku ile ya shindano nilikuwa nimeuacha mchanga wa brauni laini. Alama zote zilizokuwa kati ya mpira wa Babu na mkebe zilikuwa za viatu vyake mwenyewe. Na gunia lilikuwa pale, hatua mbili kutoka mkono wake. Mtu aliyeburuta gunia maisha yake yote hakuligusa.

Nililia kidogo, halafu nikacheka, mteja akaniuliza kama niko sawa.

Siwezi kumwuliza Babu tena, ndiyo maana nawauliza ninyi. Kama kuna mzee aliyewahi kushindwa mbele yako ukiwa mdogo, na wewe ukaruka kwa furaha, niandikie unieleze. Usijali mwandiko. Andika polepole tu, hata mimi husoma polepole.