Nilimsingizia fundi aliyenifundisha kuchomelea

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanaume wa miaka 66, naishi Hamugembe, Bukoba. Nina wajukuu, na kanisani nakaa benchi la mbele.

Miaka michache baada ya vita vya Amin tulikuwa tunajenga ghala la kahawa Muleba. Fundi mkuu alikuwa Ta Deo, yaani Mzee Deo, aliyenifundisha kuchomelea. Vyuma vya mshazari, vile vinavyozuia jengo kuyumba, alivitengeneza kwa namna yake: bapa la chuma lililopakwa grisi, ndani ya bomba lililojazwa zege. "Bapa ndilo linabeba mzigo," alisema. "Bomba linalizuia lisipinde. Grisi ni ili zege lisiling'ang'anie."

Kisha akaanza kukonda. Wakati ule kila kijiji kilikuwa kinazika, ugonjwa tuliujua, ndio huu Ukimwi. Mimi niliitamani nafasi yake. Siku moja akashika ncha za bapa zilizotokeza nje ya bomba. "Mmeziacha ndefu mno, hapa hakuna kinachozishika. Ziongezeeni vyuma ubavuni, la sivyo zitapindia hapa."

Nikamjibu mbele ya wote: "Maiti haitufundishi kazi. Nenda kwako, usiguse vyuma vyetu."

Vijana wakacheka. Akaokota koti lake, akaenda. Nilijua anasema kweli, lakini sikuongeza hata kipande. Ningeonekana nimemtii.

Msimu wa kahawa, upepo wa mvua ukalipiga ghala. Vyuma vikapindia palepale, paa likaanguka. Mke wa Ta Deo, Ma Adela, alikuwa ndani akichambua kahawa. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimlisha mumewe. Tulimtoa amekufa. Nilipoulizwa nikasema, "Ni kazi ya Ta Deo. Mikono ilikuwa inamtetemeka." Tangu hapo hakuna aliyempelekea hata maji. Mwezi haukuisha, naye tukamzika.

Juzi alikuja binti yao. Aliachwa yatima akiwa na miaka sita, akakua akiitwa mtoto wa muuaji. Sasa ni mhandisi. Alipiga magoti kunisalimu. "Baba mdogo, wewe ulifanya naye kazi. Ni kweli baba alikosea?"

Nikasema, "Alikosea, mwanangu. Alikuwa mgonjwa, msamehe."

Akalia. Akanishukuru kwa kumwambia ukweli.

Jumapili anarudi kuniaga. Mke wangu, ambaye anajua yote, anasema ninyamaze, nisiaibishe wajukuu. Sitaki mnionee huruma. Nishaurini tu: akiketi mbele yangu, nianze na neno gani?